Sensa Iliyonasa Gurudumuni

Juma hili tuseme juu ya kitu kidogo, kiasi cha kidole tu, lakini chaweza kumtoa fundi jasho siku nzima. Mafundi hukiita sensa ya ABS. Siyo ile sensa ya mwaka 2022 ya kuhesabu watu; hii huhesabu mizunguko ya gurudumu.

Kazi yake ni hii. Karibu na beringi ya gurudumu pana duara lenye meno, na katika magari mengine lenye sumaku. Gurudumu likizunguka, sensa hulihisi duara lile, ikapeleka habari kwa waya hadi kwenye kompyuta ndogo ya gari. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, na gurudumu moja likitaka kukaza kabisa na kuburuta, kompyuta hulegeza breki ya gurudumu lile na kuikaza tena upesi upesi. Hivyo usukani hubaki ukimtii dereva. Mercedes-Benz walianza kuuza magari yenye mfumo huu, uliotengenezwa pamoja na Bosch, mwaka 1978. Leo umo katika magari mengi yaliyotumika Japani, ambayo hubeba abiria kati ya Lamadi, Bariadi na Maswa.

Mbona basi sensa hunasa? Imechomekwa katika tundu la chuma lisilo na nafasi ya ziada. Chuma kikipata maji hufanya kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo huibana sensa. Magari mengine huja na kutu hiyo tangu huko Japani, ambako mikoa ya baridi humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha theluji. Nasi twaongeza tope letu jeusi la mbuga, ambalo likikauka huwa kama tofali.

Sasa, fundi amekuja kubadili beringi. Kwanza mwulize: je, sensa lazima itoke? Katika magari mengine yatosha kuchomoa plagi ya waya na kuiacha sensa mahali pake. Kisicho na ubaya usikisumbue.

Kama lazima itoke, gari lisimame mahali sawa, magurudumu yawekewe vizuizi, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Piga brashi ya waya, ondoa tope, chomoa plagi, fungua bolti. Kisha tia mafuta ya kulegeza kutu pembezoni mwa sensa, uyaache yapenye, hata usiku kucha. Angalia yasiguse disiki wala pedi za breki. Baadaye zungusha sensa kidogo kidogo, kulia na kushoto, huku ukiivuta. Usivute waya. Usitie moto, maana mna plastiki, mipira na grisi.

Ikikatika, usiigonge kwa nyundo iingie ndani! Ukilivunja lile duara au kuharibu beringi, gharama imezidi mara dufu. Toboa katikati kwa drili ndogo, bila kwenda ndani sana, kaza skrubu, kisha ivute kwa koleo. Safisha tundu kwa msasa, futa vumbi lote. Sensa mpya iingie kwa kusukumwa na mkono. Ikikataa, tundu bado lina kutu.

Lakini lipo jambo baya kuliko sensa iliyokatika. Wako watu ambao kazi ikiwashinda hutoa balbu ya ile taa ya ABS, wakamwambia mwenye gari, "Imekwisha pona." Huo si ufundi, ni udanganyifu. Ni kweli kwamba taa ile ikiwaka peke yake, kwa kawaida breki huendelea kushika. Lakini siku ya mvua, ng'ombe wakikatiza lami ghafula, magurudumu yatakaza, gari litateleza, na usukani hautatii. Tena gari hilo pengine ndilo pekee kijijini, ndilo limpelekalo mama mjamzito hospitali usiku. Na kama taa nyekundu ya breki inawaka pia, simama. Safari hiyo imekwisha.

Basi, ndugu mnaochanga fedha za pamba kununua gari, shikeni neno hili. Mkiwasha ufunguo, taa ya ABS lazima iwake kitambo kidogo, kisha izimike yenyewe. Isipozimika, pana ubovu. Na isipowaka kabisa, msilipe hata senti kabla hamjajua sababu. Mwenye kuuza naye na aseme kweli. Bei ikipungua kidogo, heri, kuliko jirani yako kuzikwa kwa ajili ya balbu uliyoificha.

Haraka haraka haina baraka, na kwa sensa yenye kutu ni vivyo hivyo. Tuonane juma lijalo.