Nipe mji



Waliosikiliza kipindi kilichopita walisikia nikichekwa kwamba mimi, mhasibu wa miaka 35 ninayevaa tai kazini, nimenunua kigemu cha mkononi cha kuchezea gemu za zamani. Ni kweli, nimenunua. Ila sikununua kwa ajili ya gemu. Nilikinunua kwa sababu ya kaseti moja ya Baba, na niliahidi kuwaelezea hapa kwa utulivu, maana kwenye maikrofoni mwenzangu hanipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Kaseti yenyewe niliipata wazazi wangu walipokuwa wanahama kwenye nyumba yetu ya zamani, Portsmouth. Chini ya ngazi kulikuwa na kasha la viatu limejaa kaseti: taarab, mawaidha, harusi ya mtu nisiyemjua. Moja ilikuwa na mwandiko wa Baba kwa kalamu ya bluu: TEGA. GT 100. Nikaitia kwenye redio kaseti. Ikatoka sauti kali, mluzi mrefu kisha mkwaruzo, kama panzi mia ndani ya kopo. Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Hebu izime hiyo!" Baba yeye akacheka.

"Hiyo husikilizi wewe mwanangu. Inasikiliza kompyuta."

Kompyuta gani hiyo

Kwa mliozaliwa juzi: kabla ya diski na intaneti, kompyuta nyingi za nyumbani zilihifadhi programu zao kwenye kaseti za kawaida, zile zile za muziki. Ya Baba ilikuwa ZX Spectrum, iliyotoka Uingereza mwaka 1982. Yenye kilobaiti 48 za kumbukumbu iliuzwa pauni 175 ilipotoka. Baba aliinunua mkononi kwa mtu mwaka 1985, kwa bei ambayo mpaka leo hataki Mama aijue. Unaichomeka kwenye televisheni, unaunganisha redio kaseti kwa waya, unaandika LOAD, unabonyeza PLAY, halafu unakaa. Gemu kubwa ilichukua kama dakika 5 kuingia. Ikikosea mwishoni, unarudisha kaseti nyuma na kuanza upya.

Baba alikuwa anafanya kazi zamu ya usiku, na mchana, badala ya kulala, alijifunza kuandika programu kwa lugha ya BASIC kutoka kwenye kitabu kilichokuja na mashine. TEGA ilikuwa programu yake mwenyewe, ya vitendawili. Alimwandikia dada yangu, ambaye alikuwa ameanza skuli na kila siku anarudi nyumbani na Kiswahili kilichopungua kidogo.

Mimi sikuwahi kuiona. Nilizaliwa 1989, na Spectrum ilikuwa imeshakufa, imetupwa.

Kutoka kaseti mpaka faili

Sasa nije kwenye ufundi, kwa sababu najua kuna watu wana makasha kama yale nyumbani.

Emuleta ni programu inayoigiza mashine nyingine. Kigemu changu ni Miyoo Mini Plus, kidogo kama pakiti ya karata, kina skrini ya inchi 3.5. Hatua ya kwanza ilikuwa kununua kadi ya memori ya maana, maana zile zinazokuja bure na vifaa hivi hufa bila kuaga. Nikaiweka Onion, mfumo wa bure uliotengenezwa na wapenzi wa kifaa hiki. Ndani yake kuna RetroArch, na ndani ya RetroArch kuna Fuse, ambayo ndiyo inayoigiza Spectrum. Mambo ya sheria msiwe na wasiwasi: kampuni ya Amstrad, iliyonunua kompyuta za Sinclair mwaka 1986, iliruhusu mwaka 1999 programu ya ndani ya Spectrum isambazwe pamoja na emuleta. Na kaseti ni ya Baba, kaiandika mwenyewe.

Hiyo ilikuwa jioni moja tu. Kazi ilikuwa kwenye kaseti.

Nilinunua adapta ya sauti ya USB, nikaunganisha redio kaseti na laptopu, nikarekodi kwa Audacity. Kuna programu inaitwa audio2tape inayosikiliza ile rekodi na kuigeuza kuwa faili ambalo emuleta inalielewa. Mara ya kwanza haikuelewa kitu. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu ilielewa nusu, na nilipoipeleka kwenye Fuse nikaambiwa R Tape loading error, maneno ambayo Baba aliposikia nikimsomea kwenye simu alishusha pumzi kama mtu aliyetajiwa mdeni wake wa zamani.

"Sauti iko butu," akasema. "Kaza skrubu ya hedi."

Skrubu gani? Kumbe pembeni ya hedi ya redio kaseti, yaani kile kichuma kinachogusa utepe, kuna skrubu ndogo inayoinamisha hedi upande huu au ule. Ukiacha kaseti inacheza na ukaizungusha taratibu, utasikia ule mluzi unakuwa mkali zaidi au mfifu. Unatafuta pale unapokuwa mkali kabisa, unaacha. Robo mzunguko tu ilitosha. Nikarekodi tena, na safari hii faili likatoka zima.

Mkiwa na kaseti za namna hii, rekodini kwanza, na muiweke ile rekodi ya sauti hata kama haijafunguka. Utepe unaoza mwaka hadi mwaka. Rekodi unaweza kuirudia hata mwakani.

Miji sifuri

Nililiweka faili kwenye kadi, nikawasha, na Fuse ikaliingiza. Chini ya skrini ikaandika 0 OK, 0:1, maana yake imeshaingia, inasubiri amri. Kibodi unaipata kwa kubonyeza SELECT, inatokea juu ya skrini, unachagua herufi moja moja kwa vidole gumba. Kwenye Spectrum huandiki amri herufi kwa herufi. Kitufe kimoja ni neno zima. J ni LOAD. R ni RUN, yaani anza. Nikabonyeza R.

Ikatokea: KITENDAWILI! Chini yake, menyu. 1, kucheza. 2, orodha ya miji.

Nikampigia Baba hapo hapo. "Baba, programu yako imefunguka!"

"Mashallah. Ina miji mingapi?"

Nikabonyeza 2. "Miji sifuri."

Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Umebonyeza RUN."

"Ndiyo."

"Umeifuta."

Jamani, jasho lilinitoka. Nikajua nimeua kitu ambacho hata sijui ni nini. Baba akaanza kunieleza, na hapa ndipo nilipogundua kwamba huyu mzee aliyeshindwa kuweka picha kwenye WhatsApp ni fundi.

Spectrum inapohifadhi programu ya BASIC kwenye kaseti, haihifadhi maagizo peke yake. Inahifadhi pia kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu wakati ule: hesabu, majina, majibu ya watu. Lakini RUN, kabla ya kuanza, hufagia vyote hivyo. Ukitaka kuanza bila kufagia, unaiambia iende moja kwa moja kwenye mstari fulani. GO TO 100.

"GT 100," nikasema.

"Si nimekuandikia juu ya kaseti?"

Kumbe kaseti yenyewe ilikuwa haijaguswa wala faili halijaguswa. Nilichofuta ni nakala iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya emuleta kwa dakika ile. Nikaizima, nikaiwasha, nikaingiza upya. Ila sikubonyeza kitu. Nikamwambia Baba nitakuja Jumapili.

Orodha

Jumapili Dada naye akaja na watoto wake. Nilizima ile njia ya kuingiza haraka, ili Baba aone pembe za skrini zikitoa mistari, mwekundu na samawati, kisha bluu na njano, kama zamani. Macho yake siku hizi si mazuri, akakishika kigemu karibu na pua. "Ndiyo wenyewe," akasema. Kisha nikabonyeza G, ambayo ni GO TO, nikaandika 100.

Kama hamjui mchezo: mtu husema "Kitendawili!" nanyi mnajibu "Tega!" Anatega. Mkishindwa, anasema "Nipeni mji." Mnampa mji wowote, anauchukua, anajisifu kwamba alikwenda huko na watu wakamkaribisha, na mwisho ndiyo anawapa jibu. Baba aliiandika kompyuta yake ifanye hivyo hivyo. Kila ukishindwa inasema NIPE MJI, na kila mji inaupokea na kuuhifadhi pamoja na jina la aliyeutoa.

Nikabonyeza 2. Miji 23.

Dada alikuwa ametoa Tanga, Wete, Tanga tena, Mombasa, na Dar es Salaa. "Baba, mbona m haipo?" Baba akasema kila mji alikuwa ameupa nafasi 12, na Dar es Salaam inataka 13. Dada akasema anakumbuka alilia siku hiyo.

Halafu likaja jina BIBI. Bibi yetu mzaa baba alikuja mara moja tu Uingereza, msimu wa baridi wa 1987. Mimi sikumwahi. Sauti yake sina, na picha zake ni mbili. Lakini hapa alikuwa na mistari 6:

London. London. Portsmouth. London. Ulaya. London.

Dada akaniuliza kwa nini alikuwa anarudia. Baba akacheka mpaka akavua miwani. Akasema Bibi alikuwa hajui kusoma hizi herufi, yeye Baba ndiye alikuwa anamsomea na kumwandikia. Kila akishindwa, Baba anamwambia, "Mama, toa Makunduchi basi," kwa kuwa ndiko kwao. Naye anajibu, "Makunduchi siitoi. Ichukue London, haina mwenyewe."

Baba akavaa miwani, akasema, "Usiku wa mwisho kabla hajaondoka ndiyo nilihifadhi kaseti hii." Hakusema zaidi, na hatukumuuliza.

Kisha watoto wakataka mimi nicheze. Kompyuta ikatega: KUKU WANGU KATAGIA MIBANI. Nikasoma mara mbili. Mibani ni nini? Nilidhani ni sahani, nilidhani ni mahali. Watoto wakaniangalia. Baba akaniangalia. Mimi ndiye ninayewahutubia nyinyi kila wiki kuhusu Kiswahili, na kuku wa Baba amenishinda.

NIPE MJI, ikaandika.

Kidole kikaanza kwenda kwenye P. Portsmouth ndiko nilikozaliwa, ndiko nilikojifunza baiskeli, na ndiko wanakozikwa watu wetu siku hizi. Nikaisimamisha. Bibi alishautoa mji huo kwa sababu haukuwa wake. Mimi ni wangu.

"Toa basi," Baba akasema.

Nikaandika, herufi moja moja, kwa kidole gumba: Swindon. Samahanini wa Swindon.

Baba akacheka tena. Kompyuta ikatoa jibu: nanasi. Miba, mwanangu, miiba. Kuku katagia miibani.

Sasa miji ni 24. Nimehifadhi hali ya emuleta jinsi ilivyo, nakala moja kwenye kadi, moja kwenye laptopu, moja kwa Dada. Mtoto wa Dada ameshauliza Jumapili ijayo atatoa mji gani, na mama yake amemwambia aanze kwanza kujua jibu.

Basi hilo ndilo la wiki hii. Nendeni mkaangalie chini ya ngazi za wazazi wenu. Mkikuta kaseti, diski au simu ya zamani, mafunzo ya emuleta yako mengi na mtayapata. Lakini maandishi ya kalamu juu yake, mwulizeni mwenyewe maana yake, na mwulizeni kabla hamjabonyeza kitu.

Tukutane kipindi kijacho. Na ukishindwa kitendawili, fikiri kidogo kabla hujatoa mji.