Kenya: Mtaala wa umilisi na swali kongwe la mtoto mwenye akili

Mwaka 2025, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi nchini Kenya lilimaliza gredi ya 9 na kufanya mtihani wa kuwaingiza katika ngazi ya juu ya sekondari. Mtaala huo, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019 ili kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4, uliahidi kumpima mtoto kwa yale anayoweza kuyatenda, si kwa yale anayoyakumbuka peke yake. Mjadala nchini humo umetawaliwa na gharama za vifaa na uhaba wa walimu. Hata hivyo, chini ya malalamiko hayo lipo swali kongwe zaidi: ni nani anayeamua kwamba mtoto ana akili, familia yake au shule?

Kenya ina ushahidi wake yenyewe juu ya jambo hilo. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Kimarekani Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, jamii ya wakulima wa Kikipsigis katika nyanda za juu za magharibi. Huko, mtoto aliyesifiwa kuwa "ng'om", yaani mwenye akili, ni yule aliyeona kazi inayohitajika na kuifanya bila kusukumwa. Akili ya darasani ilihesabiwa kuwa jambo la pembeni, ikitajwa kwa kuongezewa neno la shule. Mtoto mdogo aliweza kukabidhiwa ulezi wa nduguye na kazi za nyumbani zilizohitaji uangalifu mkubwa. Lakini mtoto huyo huyo, alipoombwa na mtu mzima asiyemfahamu arudie hadithi aliyosimuliwa, mara nyingi alinyamaza. Hakukosa kumbukumbu. Alikuwa amelelewa kuwasikiliza wakubwa na kutii, si kuwahutubia. Kwenye karatasi ya mpimaji, adabu hiyo ingeonekana kuwa udhaifu.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2001 na kundi lililoongozwa na Robert Sternberg, ulifanyika Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Watoto 85 wenye umri wa miaka 12 hadi 15 walipimwa ujuzi wao wa dawa za mitishamba: ni dawa ipi hutibu maradhi gani na hutumiwa vipi. Ujuzi huo una manufaa ya kweli mahali ambapo minyoo na vimelea vingine huwasumbua watoto wengi. Matokeo yaliwashangaza wengi: watoto walioufahamu vyema zaidi uganga wa mitishamba walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza.

Matokeo hayo yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Watoto ni wachache, eneo ni moja, na uhusiano wa namba mbili hauthibitishi kwamba moja imeizaa nyingine. Wala hayana maana kwamba mila hudumaza ubongo. Maelezo yaliyotolewa na watafiti ni kwamba muda na juhudi za mtoto vina kikomo, na kila familia huvielekeza kule inakoona faida. Kwa mzazi aliyetarajia mwanawe aache masomo mapema, ujuzi wa kijijini ulikuwa uwekezaji wa busara.

Katika jamii hiyo hiyo ya Wajaluo, watafiti walikuta maneno manne yanayogusa akili. "Rieko" ni maarifa na ustadi, "luoro" ni heshima na kuwajibika, "paro" ni fikra na kuanzisha jambo, na "winjo" ni kuelewa jinsi ya kukabili mambo ya maisha. Shule ya mitihani hupima sehemu tu ya neno la kwanza.

Kwa maandishi, mtaala mpya umejaribu kuziba pengo hilo. Miongoni mwa stadi zake 7 za msingi zimo mawasiliano na ushirikiano, ubunifu, uraia na kujiamini. Sera ya elimu pia inataka lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya mwanzo, ingawa wazazi wengi huona Kiingereza cha mapema kuwa ndiyo ngazi ya mafanikio.

Mtihani wa kuhitimu ndio unaotia shaka. Katika kuwapangia wanafunzi wa gredi ya 9 shule, mtihani wa mwisho ulipewa uzito wa asilimia 60, ule wa gredi ya 6 asilimia 20, na kazi zilizopimwa shuleni asilimia 20. Historia inaonya. Hata 8-4-4, ilipoanza mwaka 1985, ilikusudiwa kuwapa watoto stadi za mikono. Baadaye masomo ya vitendo yalipunguzwa, na mashindano ya alama yakashika usukani. Mzazi hufuata kile kinachoamua shule atakayopata mwanawe.

Suala hili halihusu Kenya pekee. Rwanda ilianza mtaala wa aina hiyo mwaka 2016, na Uganda ikaufikisha sekondari ya chini mwaka 2020. Kwa familia za wachache, ambazo nyumbani husema Kiswahili huku shule ikifundisha kwa lugha nyingine, uzito wake ni mkubwa zaidi: mtoto anayenyamaza darasani aweza kudhaniwa mzito wa kuelewa, kumbe anatafuta neno, au anamheshimu mwalimu wake.

Mtaala wowote utakaodai kupima umilisi utalazimika kumtambua mtoto huyo kabla ya kumpa alama. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na muda mfupi hawezi kufanya hivyo peke yake. Atahitaji kumsikiliza mzazi, ambaye mara nyingi huitwa shuleni kuchangia vifaa, na si kueleza mwanawe anajua nini.