Papa Shirandula: Namba Moja ni Awinja, Bisheni!

Jamani, hili la Papa kuwekwa namba moja kila siku limenichosha, na leo nalisema. Wakuteni vijana wa mjini wanapanga wahusika wanaowapenda katika ule mchezo wa Papa Shirandula wa Citizen TV ya Kenya. Orodha inatoka ile ile kama imepigwa fotokopi: Papa wa kwanza, Otoyo wa pili, wengine wanagombania makombo. Awinja anatajwa mwishoni, "yule hausigeli", watu wanaiga lafudhi yake, wanacheka, basi. Mimi nasema orodha hiyo iko kichwa chini miguu juu. Na sababu ya kuwa hivyo ni sisi wenyewe tunaoipanga.

Kwa ambaye hajauona mchezo, kwa kifupi ni hivi. Papa ni mlinzi mjini. Mkewe, Wilbroda, hajui. Yeye anaamini mumewe ana kazi ya maana, na Papa anahangaika kila mara uongo wake usifumuke. Awinja ni binti wa kazi nyumbani kwao. Hapo ndipo vicheko vinapotoka. Sasa tuanze kutoka chini.

Namba tano nawapa Njoro na Jalang'o kwa pamoja, na sina mengi ya kusema. Wanachekesha, wanajua kazi yao. Jalang'o mwenyewe, Felix Odiwuor, mwaka 2022 alichaguliwa mbunge wa Lang'ata, kwa hiyo hahitaji huruma yangu.

Namba nne: Otoyo. Najua hapa nitatukanwa. Otoyo ni mtamu, sikatai, na ile lafudhi ya Kijaluo anaimudu kama kazaliwa nayo. Lakini lafudhi ni hila ya zamani sana katika vichekesho vya Kenya. Marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, aliyefariki Julai 2015, alituchekesha miaka na miaka kwa Kiswahili cha Kijaluo ilhali yeye alikuwa Mkikuyu. Aliyafanya hayo zamani na aliyafanya vizuri. Mhusika anayechekesha kabla hajasema jambo lolote, kwa sababu tu kafungua mdomo, simpi nafasi ya pili.

Na sisi Wabongo tusijifanye hatuhusiki. Tunawacheka Wakenya kwamba wanakiua Kiswahili, halafu tunawasha luninga yetu kumtazama mlinzi anayeongea Kimakonde na mshamba anayeongea Kisukuma. Ni kicheko kile kile. Tofauti ni mpaka wa Namanga tu.

Namba tatu: Papa. Ndiyo, wa tatu!

Kwanza tutenganishe mtu na mhusika. Charles Bukeko alifariki Julai 18, 2020, na kuna watu wanaoona kumshusha Papa ni kumkosea heshima marehemu. Nadhani ni kinyume chake. Bukeko alikuwa mwigizaji mkubwa hasa kwa sababu alikubali kumfanya Papa awe mdogo. Ule mwili wote, ile sauti yote, na bado unamwona mtu anayetetemeka asije akakutwa na mkewe ndani ya sare. Angemwigiza kama shujaa, mchezo ungekufa siku ya kwanza. Kumsifia Papa kama shujaa ni kutoiona kazi aliyoifanya Bukeko.

Mwaka 2012 Bukeko huyo huyo aliigiza katika filamu ya The Captain of Nakara. Humo kuna Muntu, mhalifu mdogo mdogo anayevaa sare ya kapteni wa jeshi, na ghafla kila mtu anamnyenyekea. Ziweke kazi hizo mbili pamoja. Katika moja, mtu anavaa sare isiyo yake ili aheshimiwe. Katika nyingine, mtu anaficha sare iliyo yake ili aheshimiwe. Maana yake ni kwamba kwetu nguo inaheshimiwa kuliko aliyeivaa, na Papa ameikubali sheria hiyo bila kuibishia. Hapo ndipo ninapomkatia alama.

Ninamjua Papa vizuri kwa sababu kwetu wako wengi. Mimi ni mtoto wa Malolo, wilaya ya Kilosa, jirani na Ruaha Mbuyuni ukitokea Mikumi kwenda Iringa. Kwetu ni vitunguu, mpunga na maji ya mto Mwega. Bei ya vitunguu ikianguka, vijana wanapanda basi kwenda Dar. Wengine wanaishia getini na rungu. Akirudi Krismasi, muulize anafanya nini: "Niko ofisini." Kaka mmoja wa kwetu alimwambia mama yake anafanya kazi benki. Hakudanganya sana, alikuwa anafanya kazi benki kweli, upande wa nje wa mlango. Mama alitamba kijiji kizima. Matokeo yake? Kila mwenye ada ya mtoto au mgonjwa alimpigia yule kaka, na akashindwa kurudi nyumbani miaka mitatu kwa sababu hakuwa na pesa za kufanana na uongo wake. Kwa hiyo tukimcheka Papa tunamcheka mtu tunayemjua, na tunamsamehe haraka kwa sababu wengi wetu tuna kauongo ketu kama kake. Ndiyo maana vijana wa mjini wanampa namba moja. Wanajipigia kura wenyewe.

Namba mbili: Wilbroda. Eti mkali, eti kelele, eti anamsumbua mzee. Wandugu, hebu kaeni upande wake dakika moja. Huyu ni mke anayepanga matumizi ya nyumba kwa mshahara wa kubuni. Anaambiwa mume ana kazi kubwa, halafu haoni pesa ya kazi kubwa. Wewe ungenyamaza? Jacquey Nyaminde anamwigiza kwa nguvu ambayo wengi wanaiona ni fujo, lakini kila kelele ya Wilbroda ina hesabu ndani yake. Nampunguzia kitu kimoja tu: na yeye, aliyedanganywa, ana mtu chini yake wa kumtuma.

Mtu huyo ndiye namba moja.

Awinja, anayeigizwa na Jacky Vike, ndiye ninayemweka juu ya wote. Sababu ya kwanza ni ya mchezo wenyewe. Nyumba ile imejengwa juu ya uongo kuhusu kazi, na Awinja ndiye ambaye kazi yake haifichiki. Ipo sebuleni, ipo jikoni, kila mgeni anaiona. Papa akiingia na hadithi zake, macho yangu yanakwenda kwa Awinja, kwa namna anavyosikiliza na anavyojibu. Anajibu kama mtu asiye na cheo cha kupoteza, na ndiyo maana jibu lake linakata. Mnasema mnacheka lafudhi. Basi siku moja iondoeni lafudhi mwandike alichosema. Mtaona bado kinachekesha, na kinachoma.

Sababu ya pili ni ya kwetu. Malolo inawapeleka vijana kuwa Papa, lakini inawapeleka mabinti wengi zaidi kuwa Awinja. Anamaliza darasa la saba, anakuja mtu anayeitwa shangazi, anasema kuna familia nzuri mjini, na kesho yake binti yuko kwenye basi. Huku wanamwita hausigeli, au "dada" bila jina. Mwulize rafiki yako anayefahamu majina yote ya wahusika wa tamthilia akutajie jina la baba wa binti anayempikia chai. Utaona kimya chake.

Sheria ipo, wala haijajificha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na inatoa siku 28 za likizo ya mwaka. Amri ya mishahara ya 2013 iliweka Sh 40,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri, na baadaye kikapandishwa. Sasa hesabu mwenyewe: binti anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala baada ya baba mwenye nyumba kumaliza kutazama luninga saa nne usiku, saa 45 zake zinaisha siku gani? Jumatano jioni zimekwisha. Zinazobaki anazitoa bure, na baadhi yake anazitumia kusimama mlangoni mwa sebule, ametoa vyombo, akiwaangalia mnavyomcheka Awinja.

Najua utetezi. "Ni vichekesho tu, acha kutia siasa." Kwani kumpanga mtu wa kwanza na mwingine wa mwisho si siasa? Umechagua nani anastahili mapenzi yako na nani anastahili kuigwa sauti tu. "Bila Papa hakuna mchezo." Kweli, na bila mlango hakuna nyumba, lakini hatumpi mlango tuzo ya mpishi. Mchezo unahitaji uongo wa Papa ili uende. Haulazimishi tumpende aliyeutunga kuliko wote.

Kwa hiyo orodha yangu ni hii: Awinja, Wilbroda, Papa, Otoyo, kisha Njoro na Jalang'o. Mwenye yake ailete, tubishane. Ila asiniletee Papa namba moja huku kuna binti jikoni kwake ambaye tangu Jumapili hajapumzika. Huyo aanze kwanza kumuuliza binti mwenyewe nani ni namba moja. Natamani sana kusikia jibu lake.