Sanduku la chai kwa mafundi: anayefaidika ndiye alipe

Safu hii imezoea kuanza na bei za mahindi, mchele na saruji. Wiki hii tunaanza na kikombe cha chai. Tunamwomba msomaji asicheke kabla hajafika mwisho, kwani ndani ya kikombe hicho kuna fedha ambayo wajenzi wengi wa Korogwe wanaimwaga kila siku bila kujua.

Nenda kwenye saiti ya Kwamndolwa, kata iliyo ndani ya Mji wa Korogwe, ifikapo saa nne asubuhi. Kazi imeanza saa moja. Jua la bonde la Pangani limeshakuwa kali na zege la kwanza limemwagwa. Fundi anaweka mwiko chini, kibarua anaacha koleo, na kundi zima linashika njia kwenda kwa mama lishe kule barabarani. Chai yenyewe hunywewa kwa dakika 15. Kundi linarudi baada ya dakika 55. Zile 40 zimeishia njiani na katika kusubiri vikombe.

Tupige hesabu. Saiti yenye watu 12, kila mmoja akipoteza dakika 40, imepoteza dakika 480, yaani saa 8 kamili. Kwa lugha nyepesi, mwenye nyumba amelipa watu 12 akapata kazi ya watu 11. Hakuna aliyemwibia. Ni umbali tu kati ya tofali na birika.

Ndiyo maana wazo la sanduku la chai la kubeba hadi saiti linazungumzwa sana na vijana wanaotafuta mtaji. Wazo ni zuri. Lakini wengi wanalianza kwa mguu mbaya, na mimi nilikuwa mmoja wao. Miaka ya nyuma nilinunua madeli mawili ya plastiki, mazuri, yenye rangi ya kuvutia, nikamkabidhi kijana azungushe vinywaji baridi kwenye saiti. Miezi miwili baadaye madeli yalikuwa mazima bila hata mkwaruzo, ila mtaji ulikuwa umekwisha. Ulikuwa umelala ndani ya daftari. "Dogo, niandikie, Jumamosi nakulipa." Jumamosi ikifika, fundi amehamia saiti nyingine. Nilikuwa nimelikagua sanduku kwa makini, nikasahau kumkagua mlipaji.

Kwa hiyo nasema wazi: biashara hii hauziwi mnywaji. Anauziwa yule anayeokoa muda. Tuchukue mfano tu. Chai vikombe viwili na andazi kwa shilingi 700 kwa kila mtu, watu 12, ni shilingi 8,400 kwa siku. Ikiwa kibarua wa siku analipwa shilingi 15,000, basi mwenye saiti anayelipia chai ya wote anarudishiwa siku ya kazi ya shilingi 15,000 na kubaki na shilingi 6,600. Mafundi wamekunywa bure, muuzaji ameuza vikombe vyote bila kuandika deni hata moja, na ukuta umepanda.

Wapo watakaosema kwamba saiti nyingi siku hizi hazilipi kwa siku, bali fundi mkuu hupatana bei ya kazi nzima. Ni kweli, na hapo mwenye nyumba hana sababu ya kugharamia muda usio wake. Lakini aliyepatana kumaliza kazi mapema ndiye anayefaidika na saa hizo, hivyo mkataba wa chai uandikwe na fundi mkuu. Kanuni haibadiliki. Tafuta mfuko ambao muda unaingia, uombe malipo hapo.

Sasa tuje kwenye sanduku lenyewe. Watu wa pwani hawakusubiri mtu wa nje awaoneshe. Muuza kahawa wa Tanga na miji mingine ya mwambao amebeba dele lake kwa vizazi vingi: moto wa mkaa chini, kahawa juu, vikombe vidogo mkononi vikigonganishwa ili wateja wasikie anakuja. Kila kitu kimepangwa kwa mtu mmoja atembeaye kwa miguu. Hakubebi asichouza. Hilo ndilo somo la kwanza la mwenye kubuni sanduku la mafundi.

Uzito ndio adui. Chai ya vikombe 24 vya robo lita ni lita 6, sawa na kilo 6, ambazo zinaingia katika chupa mbili za chai za lita 3. Ukiongeza dumu la maji ya kunywa la lita 10, umeongeza kilo 10 kwa mara moja, na bado hujaweka vikombe, maandazi wala sanduku lenyewe. Ushauri wangu ni kwamba maji yasibebwe. Yakae saiti, ndani ya ndoo yenye mfuniko na koki, yakiwa yamechemshwa au kutiwa dawa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi maji safi na salama ya kunywa. Kopo moja linalochotwa na watu 12 kwenye pipa la maji ya zege halitimizi sheria hiyo, na kuhara kwa mafundi wawili kunamgharimu mwenye saiti kuliko bei ya ndoo.

Vikombe viwe vya bati au vya plastiki ngumu, 14 kwa watu 12, vije vikiwa safi na virudi nyumbani vichafu. Visioshwe saiti. Beseni moja la maji yaliyokwisha badilika rangi ndilo linaloharibu jina la muuzaji, na jina likiharibika hakuna atakayeandika mkataba tena.

Chupa za chai nyingi zina kioo ndani, na saiti ni mahali pa kokoto na mbao zinazoanguka. Seremala wa mtaani anaweza kutengeneza sanduku la mbao nyepesi lenye vyumba vitatu: viwili vya chupa, kimoja cha vitafunwa chenye mfuniko wake ili vumbi la saruji lisiingie. Pembeni mwa chupa pajazwe katani, ambayo Korogwe haina haja ya kuagiza kutoka mbali. Inazuia kugongana na inasaidia kutunza joto. Sanduku likae vizuri kwenye keria ya baiskeli, lifungwe kwa mpira, na liwe na mpini wa kulibebea pale njia inapoishia. Likivunjika, aliyelitengeneza yuko mtaa wa pili. Deli la plastiki likipasuka, mtaji umepasuka nalo.

Msomaji wa safu ya masoko atauliza kuhusu malighafi. Majani ya chai hayanitii hofu. Mashamba ya Ambangulu na Dindira yako juu ya milima ya wilaya hiihii. Hofu yangu ni sukari. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa, sukari ilipita shilingi 4,000 kwa kilo katika miji mingi. Vikombe 24 vyenye gramu 10 kila kimoja vinakula gramu 240 kwa siku. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo hiyo ni shilingi 720. Kwa shilingi 4,500 ni 1,080. Tofauti ya shilingi 360 kwa siku, au 2,160 kwa wiki ya siku sita, kwa saiti moja, ndiyo faida ya muuzaji mdogo inayoyeyuka. Hivyo basi mkataba useme kuwa bei ya chai itaangaliwa upya kila mwezi. Asiyeandika kifungu hicho ataanza kupunguza sukari, na mafundi watarudi barabarani.

Jambo jingine lisisahaulike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60. Sanduku la chai lisigeuzwe kisingizio cha kuyala mapumziko hayo. Tunachookoa ni mwendo wa barabarani, si pumzi ya mtu. Mwenye saiti atakayewaambia mafundi wanywe wamesimama ngazini atapata ukuta uliopinda.

Je, mama lishe wa barabarani atakufa njaa? Kinyume chake, yeye ndiye mtu wa kwanza wa kukabidhiwa sanduku. Ana jiko, ana mkono wa kupika, na anawajua mafundi kwa majina. Alichokosa ni chombo cha kufikia saiti na mtu wa kumlipa kwa uhakika. Daftari lake la madeni limekuwa benki ya mafundi isiyo na riba wala dhamana, na mwenye benki hiyo analea watoto. Mwekezaji mdogo anayemgharamia sanduku na chupa, akagawana naye faida, anaweka fedha mahali penye wateja tayari. Anayemletea mshindani anaanza upya.

Soko lipo. Mwaka 2021 Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, mafundi wa kawaida walitawanyika katika kata za nchi nzima, mara nyingi mbali na duka lolote. Saiti za shule, zahanati na nyumba za watu binafsi zinaendelea kufunguliwa, na kila moja ina saa nne yake.

Anayetaka kujaribu asikimbilie masanduku kumi. Aanze na moja na saiti zisizozidi tatu zilizo kwenye njia moja. Apatane kwa maandishi, na alipwe kila Jumamosi kabla mishahara haijagawiwa. Mwenye saiti akikataa kulipia, asimkopeshe fundi ili kuziba pengo. Afunge sanduku, aende saiti ya jirani. Chai iliyorudi nyumbani inanywewa na watoto, lakini chai iliyokopeshwa hairudi.