Diski, Ghala na Kengele: Tufundishe Mwendo wa Data Kabla ya Majina ya Vifaa

Katika mazoezi ya kufundisha tuliyoyasimamia kandokando ya Ziwa Tanganyika, tulipata kukaa nyuma ya darasa moja la sekondari tukimtazama mwanachuo wetu akifundisha mgawanyiko wa seli kwa msaada wa filamu iliyohifadhiwa katika diski ya kompyuta. Filamu ilianza vema. Baada ya dakika mbili picha ikasimama, ikaruka, sauti ikakatika, darasa likacheka. Mwanafunzi mmoja akauliza sababu. "Kompyuta hii ni kuukuu," akajibu mwalimu, kisha akageukia ubao na chaki. Kipindi kilipokwisha tuliichunguza mashine ile pamoja naye. Tulikuta kwamba, wakati uleule wa filamu, ilikuwa inanakili faili nyingi kutoka diski ileile. Tulipousitisha unakili huo, filamu ilikwenda hadi mwisho bila kusita.

Hatumlaumu mwanachuo yule. Jibu alilolitoa ndilo lililotokana na mafundisho yetu wakufunzi. Tulikuwa tumemfundisha kuchora kompyuta na kuandika majina ya sehemu zake, naye aliyajua yote: diski, kumbukumbu, kichakata. Aliweza hata kutaja kasi ya diski. Asilofundishwa ni jinsi data zinavyosafiri kutoka diskini hadi katika programu inayozihitaji, nani humngoja nani njiani, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema "basi, simama". Kwa maoni yetu, hilo ndilo somo lenyewe, na majina yangeweza kulifuata baadaye.

Tuchukue hesabu ambayo mwanachuo yeyote anaweza kuifanya ubaoni. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3 hivi. Kwa wastani msomaji hungoja nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4, hadi mahali anapopataka papite chini ya kichwa cha kusomea. Kabla ya hapo mkono wa diski umetumia kama milisekunde 9 kusogea. Kwa hiyo kila safari ya kwenda mahali papya hugharimu karibu milisekunde 13 kabla ya herufi moja kusomwa. Ikiwa programu huomba kilobaiti 4 tu kwa kila safari, na mkono unalazimika kwenda huku na huko kwa sababu kazi mbili zinaugombea, katika sekunde moja zitapatikana safari zipatazo 75, yaani kilobaiti 300. Filamu yetu ilihitaji karibu megabaiti 1 kwa sekunde. Diski hiyohiyo, ikiachwa isome mfululizo, hutoa megabaiti 150 kwa sekunde bila taabu. Na programu ikiomba kilobaiti 256 kwa kila safari badala ya 4, hata mkono ukizidi kuhangaika, zitapatikana megabaiti 17 hivi. Mtu apigaye kasia kutoka Ujiji hadi Kigoma kupeleka kikapu kimoja, akarudi kuchukua cha pili, hana haki ya kuulaumu mtumbwi.

Jambo hili lina historia, nayo yafaa ielezwe darasani japo kwa ufupi. Diski ya kwanza ya kibiashara, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, ilitoa herufi 8,800 kwa sekunde, na kufikia mahali papya kulichukua kwa wastani milisekunde 600. Tangu wakati huo kasi ya kusoma mfululizo imekua zaidi ya mara elfu kumi, lakini wepesi wa mkono haukuongezeka hata mara mia. Pengo hilo ndilo lililowafanya mafundi wabuni kusoma mbele: kuchukua data nyingi kwa mkupuo mmoja kabla hazijaombwa, na kuziweka katika sehemu ya kumbukumbu ambayo sisi huwaambia wanachuo waiite ghala la muda.

Kuna watakaosema kwamba diski za siku hizi zisizozunguka hazina mkono, hivyo hesabu yetu imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba hazina mkono. Lakini nyingi kati yake hutoa megabaiti maelfu kwa sekunde, na programu ya kawaida haiwezi kuzitumia kwa kasi hiyo. Tatizo limegeuka tu: jana mlaji alikuwa akimngoja mpishi, leo sahani zinarundikana hadi kumwagika. Ghala lisilo na mpaka hujaza kumbukumbu yote, na programu nyingine hukosa mahali pa kufanyia kazi. Kwa hiyo haitoshi kumfundisha mwanachuo kwamba ghala lipo. Lazima afahamu kwamba ghala husawazisha mawimbi tu, haliongezi kasi ya yule aliye mwisho wa mstari, na kwamba kutoka kwake lazima irudi ishara hadi kwa anayeleta.

Hapa ndipo tunapoona ajabu kwamba walimu wa Kigoma wanatafuta mifano katika vitabu vya ng'ambo. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo shehena ya kwenda ng'ambo ya ziwa imekuwa ikishushwa kwenye mabehewa na kupakiwa melini. Behewa na meli havifuati saa moja. Ghala la bandari limewekwa kati yao ili mchelewo wa mmoja usimsimamishe mwingine papo hapo. Lakini meli ikikawia siku nyingi, ghala hujaa, mabehewa hukwama na shehena yake, na dawa pekee ni taarifa kurudi nyuma, hadi Tabora na mbele yake, kwamba treni zizuiwe. Mtoto aliyezaliwa Mwanga au Kibirizi anaweza kulieleza jambo hilo kabla hajaiona kompyuta.

Ziwa lenyewe latupa mfano wa upande wa pili. Malagarasi na Ruzizi huingiza maji, na mto mmoja tu, Lukuga, huyatoa kuelekea Kongo. Hili ni ghala kubwa kupita yote, lakini halina kengele: haliwezi kuuambia Malagarasi usubiri. Mvua zikizidi, kina hupanda polepole na watu wa ufukoni huhama, kama walivyoona wakazi wa pwani zake mwaka 2020 na 2021. Wanachuo wetu walipoulizwa tofauti ya bandari na ziwa, mjadala ulichukua kipindi kizima, nasi hatukujutia muda huo.

Si sisi tuliozua kulinganisha kompyuta na reli. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra, alipoandika juu ya kazi mbili zinazotumia ghala moja lenye mpaka, mmoja akijaza na mwingine akipunguza, aliita ishara zao semafo, kwa jina la zile alama za mkono zinazosimama kando ya reli kumwambia dereva apite au angoje.

Zoezi tunalolipendekeza halihitaji umeme. Meza moja iwe ghala, nayo isibebe zaidi ya madaftari 5. Mwanachuo mmoja alete madaftari kutoka kabatini, mwingine ayagonge muhuri moja moja. Mara ya kwanza wasisemezane: madaftari yataanguka sakafuni. Mara ya pili mgonga muhuri apewe kengele. Meza ikifika madaftari 4 apige, mletaji asimame. Yakibaki 1 apige tena, mletaji aendelee. Waulizwe kwa nini kengele ya kusimamisha isingoje daftari la 5, na ile ya kuendelea isingoje meza iwe tupu. Majibu yatatoka kwao: mletaji anaposikia kengele huenda tayari ana daftari mkononi, na anapoitwa huchukua muda kufika. Mara ya tatu wawekwe wagonga muhuri wawili, kabati likiwa lilelile, ndipo waone alichokumbana nacho mwenzao siku ya filamu.

Mfano huu una kasoro ambayo mwalimu asiifiche. Daftari likitoka kabatini halimo tena kabatini, bali data zinaposomwa hunakiliwa tu, na asili hubaki diskini. Tumewahi kusahihisha karatasi zilizodai kwamba filamu ikichezwa mara nyingi diski hupungukiwa. Kosa hilo lilikuwa letu, kwani tulilisifu gunia mno.

Wakufunzi wenzetu kadha wametuambia kwamba mtihani huuliza majina, hauulizi mwendo. Twakubali. Lakini mwalimu mwenye majina tu, mashine inaposita mbele ya wanafunzi 60, hana la kusema ila kwamba ni kuukuu. Na mwalimu mkuu, akiamini maneno hayo, hutumia fedha za shule kununua nyingine, nayo husita vilevile.

Tulipomaliza zoezi la madaftari kwa mara ya kwanza, mwanachuo mmoja wa nyuma aliinua mkono. Alikubali habari za meza na za kabati. Alitaka kujua: ndani ya kompyuta, ambamo hamna mtu, kengele hiyo hupigwa na nani? Kwa swali hilo tulianza kipindi kilichofuata.