Yai, Mistari na Uso wa Mtu

Wanachuo wengi wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha huichukua kanuni ya kuchora uso kana kwamba ni jedwali la kuzidisha: chora umbo la yai, ligawe kwa mstari wa wima na wa mlalo, weka macho kwenye mstari wa mlalo, kisha pua na mdomo. Kanuni hiyo si mbaya. Watoto, na hata watu wazima, huyaweka macho juu mno, karibu na nywele, kwani hawatambui jinsi paji na utosi vinavyochukua nafasi. Mstari wa katikati huwasahihisha. Ninalolipinga ni kuifundisha kanuni badala ya kutazama.

Mimi mwenyewe nimepata kukosea. Mwanafunzi wangu wa Darasa la Nne alimchora mdogo wake mchanga, macho yakiwa chini ya nusu ya kichwa. Nikamtia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Siku chache baadaye mama yake alifika shuleni amembeba yule mtoto, nikaona kuwa mwanafunzi ndiye aliyetazama. Mimi nilikumbuka kitabu tu. Nusu kwa nusu ni kipimo cha mtu mzima. Kwa mtoto mchanga sehemu ya juu ya fuvu ni kubwa sana ikilinganishwa na taya, hivyo macho huonekana yameshuka.

Albrecht Dürer wa Ujerumani, ambaye vitabu vyake vinne juu ya vipimo vya mwili vilichapishwa mwaka 1528, hakuridhika na kipimo kimoja. Alionyesha wanene na wembamba, na jinsi uso unavyobadilika mistari inaposogezwa.

Basi somo lianze na kijiti, si ubao. Wanafunzi wakae wawili wawili wakitazamana. Kila mmoja anyooshe mkono wenye kijiti, afumbe jicho moja, apime kutoka utosini hadi machoni, kisha kutoka machoni hadi kidevuni. Wabishane. Hapo ndipo mwalimu achore yai, ncha nyembamba ikielekea chini, na kuuliza ni nani darasani ambaye uso wake ni duara zaidi. Mistari ichorwe kwa mkono mwepesi mno, maana vifutio ni haba na mstari mzito hubaki usoni kama kovu.

Darasa la Kwanza na la Pili msiwape mistari hiyo kabisa. Duara lao lenye macho mawili na mikono inayotokea kichwani halihitaji kusahihishwa.