Mechi ya Nyumbani Bila Watu wa Nyumbani

Tumechelewa kuandika kwa sababu tulitaka hasira ipungue kwanza. Haijapungua sana, lakini tumeona tuandike hivyo hivyo.

Jumamosi iliyopita timu yetu ya kambi ilicheza mechi ya nyumbani. Ndivyo ratiba ilivyosema: jina letu limeanza, la wageni limefuata, na pembeni neno "nyumbani". Lakini mechi yenyewe ilichezwa mjini, kwenye uwanja wa wilaya, zaidi ya kilomita 30 kutoka hapa. Wachezaji 20 na viongozi 5 walipata kibali cha kutoka. Sisi mashabiki tuliandikisha majina 60, yakarudi 9. Waliobaki, yaani kambi nzima, tulikusanyika chini ya mwembe nyuma ya shule, kwenye simu moja yenye bando. Mwenzetu aliyekuwa uwanjani alikuwa anatuma meseji: "Kona yetu." "Refa kakataa." "Wamesawazisha." Dakika ya 80 simu ikazima chaji. Matokeo tuliyajua jioni lori liliporudi: 1-1.

Kuna mama mmoja ambaye mwanawe ndiye mshambuliaji wetu. Hajawahi kukosa mechi ya mwanawe hapa kambini, hata siku ya mgao anaacha mtu amshikie foleni. Siku hiyo alikuja pale mwembeni akatuuliza, "Amecheza vizuri?" Tukamjibu, "Mama, hatujui." Akasema, "Sasa si mnaangalia hapo?" Tukamwonyesha simu, ina maandishi tu. Akakaa chini na sisi akasubiri maandishi.

Sasa tumesikia kwamba nusu fainali, ambayo kwa droo ni yetu nyumbani, nayo itachezwa mjini. Ndiyo maana tunaandika. Tunasema hivi: mechi ya nyumbani ni ile ambayo watu wa timu wanaweza kufika. Kama hawawezi kufika, msiite nyumbani. Andikeni jina la uwanja, basi, tujue moja.

Kuna wenzetu watasema tunalalamika kwa jambo dogo, kwamba kiwanja ni kiwanja, nyasi ni nyasi, mpira ni dakika 90. Tuwaambie kwamba jambo hili si letu peke yetu, na si dogo.

Angalieni timu za taifa za ukanda wetu. Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, linakagua viwanja. Kiwanja kikikosa vyumba vya kubadilishia nguo vya kutosha, taa, viti, milango ya kutokea kwa haraka, kinafungiwa kwa mechi za kimataifa. Nchi isiyo na kiwanja kilichopita inaenda kuomba kwa jirani. Uganda mwezi Machi 2023 ilikuwa "nyumbani" dhidi ya Tanzania, na nyumbani kwenyewe kulikuwa Ismailia, Misri. Kenya mwezi Juni 2024 ilikuwa "nyumbani" dhidi ya Burundi na Ivory Coast, mechi zikachezwa Lilongwe, Malawi, kwa sababu Kasarani na Nyayo vilikuwa kwenye matengenezo. Mkenya wa Kisumu au Mombasa aliyetaka kuona timu yake nyumbani alitakiwa apande ndege au avuke nchi nzima ya Tanzania kwa basi.

Lakini iliyotuuma sisi wa huku Kigoma ni ya Burundi. Novemba 2023, kwenye kufuzu Kombe la Dunia la 2026, Intamba mu Rugamba waliipiga Gambia 3-2 "nyumbani". Nyumbani gani? Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Siku chache baadaye wakacheza na Gabon hapo hapo. Tafakarini kidogo. Timu ya Burundi iko nyumbani Tanzania. Warundi maelfu kwa maelfu wako Tanzania, kambini. Na hawafiki! Kati ya Kigoma na Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini hata pangekuwa kilomita 50, tatizo lingebaki ni kibali. Siku ile wazee wa Kirundi walikaa na redio wakashangilia mabao matatu. Tulifurahi pamoja nao, na Wakongo nao walishangilia, maana hapa kambini bao ni bao. Ila baadaye kaka mmoja alisema neno ambalo hatujalisahau: "Timu imekuja nchi niliyokimbilia, na bado siioni."

Wasudani hali yao ni nzito zaidi. Vita vilipoanza Aprili 2023, mpira wa Khartoum ulikufa siku hiyo. Klabu ya Al Hilal ya Omdurman ikawa inatumia Uwanja wa Mkapa kama nyumbani kwenye Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na msimu wa 2024/25 yeye na mtani wake Al Merrikh wakaenda kucheza ligi ya Mauritania. Klabu zimekuwa wakimbizi kama sisi. Hapo hatumlaumu CAF wala mtu wa viwanja. Mwenye bunduki ndiye wa kulaumiwa.

Mtatuambia: mbona Sudan ilishinda? Ni kweli, Oktoba 2024 Sudan iliifunga Ghana 2-0 mjini Benghazi, Libya, ikiwa "nyumbani", na mwishowe ikafuzu AFCON huku Ghana ikibaki. Ni kweli pia Somalia mwaka 2019 iliifunga Zimbabwe 1-0 nchini Djibouti, ukawa ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye kufuzu Kombe la Dunia. Tena ile Uganda iliyofungwa na Tanzania kule Ismailia 1-0, siku nne baadaye ilikuja Dar, mbele ya uwanja wa Watanzania, ikashinda 1-0. Kwa hiyo hatusemi kwamba ukicheza mbali lazima ufungwe. Hata timu yetu imetoa sare, haikufungwa. Hoja yetu haiko kwenye matokeo. Ushindi wa Somalia ulikuwa mkubwa, lakini mtoto wa Mogadishu aliusikia, hakuuona. Sisi tunamsemea huyo mtoto.

Mwenzetu aliyekuwa kwenye kikundi hiki na sasa ameshahamia Marekani alitupa mfano mwingine tulipomwambia habari hizi. Alisema hata kule vyuo vikuu vinacheza nyumbani mbali na chuo, kwenye ule mpira wao wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu. Tulipofuatilia tukakuta ni kweli. Chuo kikuu cha UCLA kiko Los Angeles, lakini tangu mwaka 1982 mechi zake za nyumbani zinachezwa kwenye uwanja wa Rose Bowl, mji wa Pasadena, kama kilomita 40 kutoka chuoni. Umbali unakaribiana na wetu wa mjini! Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa UCLA akitaka kwenda, anaenda. Kuna mabasi, kuna barabara, na hakuna anayemuuliza karatasi ya kutoka chuoni. Wanaotaka kubaki wamebaki kwa hiari yao.

Chuo kingine, San Diego State, uwanja wao ulibomolewa ukajengwa mpya. Misimu ya 2020 na 2021 walicheza "nyumbani" mji wa Carson, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwao. Ila uwanja mpya ulikuwa unajengwa, watu wanauona ukipanda, na mwaka 2022 wakarudi. Walihama wakijua wanarudi lini. Sisi tumeuliza timu yetu itarudi lini kucheza kambini, jibu tulilopewa ni "tutaangalia". Mtu aliyeishi kambini anajua "tutaangalia" ina maana gani.

Tuje kwenye sababu tulizopewa. Ziko tatu, na tunazijibu moja moja bila kumtukana mtu.

Ya kwanza, usalama. Uwanja wa kambi hauna uzio, watu wengi wanaweza kusukumana. Hii tunaiheshimu. Januari 2022, kwenye AFCON, watu 8 walikufa kwa kukanyagana kwenye lango la uwanja wa Olembe, Yaoundé, na ule ulikuwa uwanja mpya wa kisasa, wenye uzio. Kilichoua pale ni lango na namna watu walivyopitishwa. Uwanja wetu uko wazi pande zote nne, mtu akibanwa anatoka popote. Kinachotakiwa ni kamba kuzunguka mstari, vijana wa ulinzi wa jamii 30, na gari la wagonjwa likae karibu. Kamba ipo, ile inayotumika siku ya mgao. Vijana wapo, sisi wenyewe tunajitolea. Gari la wagonjwa ndilo tunaloomba, na hospitali ya kambi iko karibu kuliko ilivyo hospitali na uwanja wa mjini.

Ya pili, hakuna vyumba vya kubadilishia nguo. Ni kweli. Lakini darasa la shule lipo hatua 50 kutoka golini, na Jumamosi hakuna masomo. Timu za vijiji jirani zimevalia jezi humo miaka yote na hazijalalamika. Hii si mechi ya CAF jamani. Hii ni mashindano ya ujirani mwema. Tusiazime masharti ya Kombe la Dunia tukayaweka kwenye uwanja ambao mistari yake tunaichora kwa majivu.

Ya tatu ndiyo iliyotuudhi: wageni wa heshima hawatakuwa na mahali pa kukaa penye kivuli, na picha hazitatoka vizuri. Ndugu zetu wa mashirika, tunajua wengi wenu mnatusoma, na tunajua wengine hili hamkulipenda. Tuambieni kwa haki: mashindano haya ni ya nani? Kama ni ya wakimbizi na wanakijiji kujuana, mnawajuanishaje kwa kuwaacha wakimbizi kambini? Jumamosi ile upande wa mashabiki wetu walikaa watu 9. Watu wa mjini waliotuona siku hiyo waliona timu isiyo na wenyewe. Kivuli tunaweza kutengeneza, maturubai tunayo, tumeishi chini yake miaka.

Kuna jambo la pesa pia. Hatujui hesabu zote, ila lori tuliliona, mafuta yaliwekwa, na chakula cha mjini kwa watu 25 kililipiwa. Mechi ikichezwa kambini timu yetu inatembea kwa miguu, na wageni wanakuja kwa lori hilo hilo moja. Kinachobaki kinatosha kamba, chokaa na maji ya kunywa. Tena akina mama wa karanga, maandazi na ubuyu wanauza siku hiyo kuliko wiki nzima. Mechi ikienda mjini biashara hiyo inaenda mjini nayo.

Sasa tuseme na wenzetu vijana. Baadhi yenu mmesema tususe, timu isiende. Tulikaa kikao Jumatano tukabishana mpaka giza. Tulioandika hapa hatukubaliani na kususa. Wachezaji wetu wanafanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kutafuta kuni, wengine wanaazimana viatu, na nusu fainali hawajawahi kufika. Tukiwazuia tutakuwa tumewafanyia kile kile tunachokilalamikia: watu wengine kuwaamulia mahali pa kuwa. Waende wakacheze hata kama ni mjini. Lakini tusinyamaze.

Tunaomba mambo matatu, na tumeyaandika pia kwenye barua iliyopelekwa ofisini Alhamisi ikiwa na majina yetu. Moja, nusu fainali ichezwe kambini, kwa kamba, gari la wagonjwa na darasa la kubadilishia nguo. Mbili, kama hilo linashindikana kabisa, basi vibali vitolewe kwa watu 200 wakiwemo wazazi wa wachezaji, na magari mawili yapeleke watu, na orodha ifungwe siku tano kabla ya mechi, isiwe usiku wa mwisho. Tatu, kama hata hilo haliwezekani, neno "nyumbani" lifutwe kwenye ratiba. Liandikwe "uwanja wa wilaya". Hilo halina gharama yoyote, ni kalamu tu.

Wengine wataona hilo la tatu ni utani. Si utani. Sisi neno hilo tunaishi nalo kila siku. Mtoto aliyezaliwa hapa anajaza fomu, panapoandikwa "nyumbani kwenu ni wapi" anaandika jina la kijiji ambacho hajawahi kukanyaga. Tumeshazoea kuwa na nyumbani tusikofika. Basi angalau kwenye mpira, Jumamosi moja, tupeni nyumbani tunakofika kwa miguu.

Mama wa mshambuliaji ameshauliza mechi ni lini. Tumemwambia tarehe. Mahali bado hatujamwambia.